Mkia wa Mwanga

Mimi ni fundi wa redio. Niseme hilo mapema, mtu asije akaniuliza mambo ya nyota nikashindwa kujibu. Kibanda changu kiko Kibuye, mjini Kisumu, upande wa nyuma wa soko, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekula kwa chuma cha solda. Ninayemkumbuka hapa alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huko Seme, mbele kidogo ya Kombewa ukishuka kuelekea ziwani. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo wenyeji wanayajua, nami si mwenyeji. Nimeteremka kutoka vilima vya Vihiga kutafuta kazi. Kwangu alikuwa Mwalimu, na kwake nilikuwa Fundi, na hivyo ndivyo tulivyoitana mpaka nikamharibia maisha.

Ndiyo, nimesema hivyo na sifuti. Watu wa Seme watakwambia alimalizwa na macho, wengine watakwambia alimalizwa na vitabu. Wacha waseme. Ninayejua ni mimi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la kahawia lenye vumbi la chaki kwenye kila mfuko, jua liwake au mvua inyeshe. Chai hakunywa, kahawa hakunywa, kwa sababu za kanisa lake. Alikunywa maji ya moto matupu, na aliyapuliza vilevile kama watu wanavyopuliza chai. Alikuja kwangu Ijumaa mchana, mwenye haraka ya kurudi kabla jua halijatua, maana Sabato yake ilianzia hapo. Salamu alizisahau. Aliweka kitu mezani, kimefungwa kwa taulo la mtoto, akasema, "Fundi, huyu ako na homa."

"Nani, Mwalimu?"

"Hii kitu. Fungua uone."

Vifaa vyake vyote vilikuwa wagonjwa, na mimi ndiye nilikuwa daktari. Nikishavifungua aliketi kwenye kiti cha wateja na kuanza kuwafundisha wateja. Mama amekuja kuchukua redio yake aende zake, anajikuta anaelezwa mawimbi yametoka wapi. Wengine walikasirika. Wengine, nawaambia ukweli, walirudi Ijumaa iliyofuata bila redio yoyote, wakauliza kama yule mzee atakuja.

Kilichomsumbua alinieleza mara nyingi, nami nitakisema kama nilivyokielewa. Huko mbali sana, mbali hivi kwamba Mwalimu akitaka kukutajia umbali wenyewe ananyamaza kwanza, nyota kubwa inakufa. Ikifa inatoa mmweko wa miali ya gama, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, na wenye nguvu za kutisha. Mmweko wenyewe ni wa sekunde chache, kisha basi. Setilaiti zinaunasa na kuuchora kwenye grafu, na grafu hizo zinawekwa mtandaoni bure. Mwalimu alizichukua moja moja. Nyingi hazifanani, alisema, nyingine zina vilima vitano sita kama barabara ya Maseno. Lakini ziko zile za kilima kimoja: zinapanda ghafla, halafu zinashuka pole pole, na mkia mrefu. Mkia kama ule alikuwa ameuona mahali pengine. Aliuona ndani ya mrija wa kioo alioutengeneza kwa mikono yake.

Plazma, aliniambia, ni hewa iliyopigwa stima, yaani umeme, mpaka ikavunjika. Radi ni plazma. Ndani ya ile taa ndefu ya dukani mna plazma. Yeye alichukua mrija wa kioo, akaunyonya hewa kwa kompresa ya friji iliyokufa, akabakisha kidogo tu, kisha akaupiga stima mara moja, pa! Mrija unamweka rangi ya zambarau na kuzima. Pembeni ameweka kijisanduku cha bati chenye jicho la kuona mwanga na saketi ya kuukuza. Yeye alikiita Jicho, basi. Jicho linapeleka habari kwenye skopu, ile televisheni ndogo inayochora stima, na skopu inachora jinsi mwanga ulivyopanda na jinsi ulivyokufa. Mwanga wa mbinguni ulichukua sekunde, wa mrija ulikwisha kabla hujapepesa, lakini yeye alizivuta grafu mpaka zikalingana urefu, akazibandika mbili mbili kwenye kioo cha dirisha ili jua lipite katikati, akatazama kama mikia inalaliana.

Swali lake lilikuwa hilo tu. Je, nyota inayokufa huko na kimrija kinachomweka Seme, mwanga wao unazimika kwa kanuni moja? Aliliandikia tasnifu ya uzamifu kwenye chuo kikuu huko Bondo. Aliliandika akifundisha, akilima, akizika watu. Ukuu wa shule aliukataa mara mbili kwa ajili yake, maana mwalimu mkuu hana jioni.

"Kupanda si kitu, Fundi," alikuwa akiniambia. "Kitu yoyote inaweza kupanda. Mimi nataka kuona vile inashuka."

Pale Otonglo, sokoni kando ya barabara ya Busia, kuna fundi wa kuchomelea milango. Mwalimu alikuwa akishuka pale kabla ya kufika kwangu, anasimama na kipande cha kioo cheusi machoni, anatazama cheche nusu saa nzima. Wauza nyanya walidhani amelipia geti na anasimamia lisiibiwe chuma. Siku moja yule fundi akazima mashine, akamuuliza, "Mzee, unataka mlango wa saizi gani?" Mwalimu akamjibu kwamba hataki mlango, ila anamshangaa mtu aliyeshika plazma mkononi na anaitumia kutengenezea bawaba. Yule jamaa alicheka mpaka akaketi. Baadaye alimtengenezea stendi ya mrija bila kumwomba kitu.

Na kule saiba, duka la intaneti alikochapishia grafu zake, msichana wa pale alidhani ni grafu za moyo za hospitalini. Kila mwezi zinakuja, kila mwezi zinapanda na kushuka. Mwishowe akashindwa kunyamaza, akauliza kwa upole, "Pole, Mzee. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Alikufa," Mwalimu akasema. "Zamani sana, hata hii ardhi haikuwa."

Alinisimulia hayo bila kucheka, nami nilicheka peke yangu siku mbili.

Sasa, huyu mtu aliyeshinda na radi ya mrija aliogopa radi ya kweli kuliko mtoto. Kisumu mvua ya alasiri haina adabu, mnajua. Ikinguruma mara moja tu, Mwalimu aliinuka kwenye kiti, akaingia chini ya meza yangu ya kazi, koti na yote, akaendelea na mazungumzo kutokea huko. Nilimtania: "Mwalimu, si ni plazma tu hiyo?" Akajibu kutoka chini, "Ndio maana niko hapa, omera. Mimi naijua. Wewe huijui." Nami nikampitishia kikombe cha maji ya moto huko huko.

Tulitaniana sana. Yeye alinicheka kwa samaki. Kwetu vilimani hatukukua na samaki mzima, na nikialikwa kwake nilihangaika na mifupa kama mtu anayetegua bomu. Alinitazama, akamwambia mkewe kwa Kiluo kitu nisichokielewa, mkewe akajificha uso kwa leso. Kisha alisogeza sahani yangu, akanitolea mifupa upande mmoja kwa vidole vyake, akanirudishia. "Kula sasa, mtu wa vilima. Barabara iko safi."

Maabara yake ilikuwa chumba cha zamani cha kuhifadhia barafu ya samaki, karibu na ufuko, kisicho na dirisha ila moja dogo. Kando yake mama mmoja ana poshomili, mashine ya kusaga unga. Mota ya poshomili ikizunguka, stima ya kijiji kizima inatetemeka, na skopu ya Mwalimu inachora takataka. Basi aliongea na yule mama. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba saa kumi kamili ya jioni, siku zote isipokuwa Sabato, yule mama alizima mashine kwa nusu saa. Watu wamepanga foleni na mahindi yao, watoto wanalia njaa, mama ameketi juu ya gunia amekunja mikono. Mgeni akilalamika anaambiwa na foleni yenyewe, "Nyamaza. Ni saa ya Mwalimu." Nimeiona kwa macho yangu. Kijiji kizima kinatulia ili mtu mmoja apime mwanga.

Shuleni hakuwa mpole. Mwanafunzi akiandika matokeo ya praktiko ambayo hakuyapima, akayapanga yakae vizuri kama kitabu kinavyotaka, Mwalimu aliichana karatasi mbele ya darasa. Kabla ya kutumia kipimajoto, aliwalazimisha wakitie kwanza kwenye barafu waone kama kinasema sifuri. "Pima kipimo kwanza," aliwaambia. Waliohitimu kwake wakikutana mjini wanasalimiana kwa maneno hayo. Na ndiye mtu huyo huyo aliyelichukua Jicho lake kutoka mikononi mwangu, mara moja baada ya nyingine, akalifunga kwa taulo na kuondoka, kwa sababu nimesema limepona. Alilipima mwenyewe miaka ya mwanzo. Tulipozoeana akaona kulipima tena ni kunitukana.

Haya. Nimezunguka vya kutosha.

Jicho liliharibika. Kapasita moja ndani yake ilikufa, ndogo sana, ndogo kama mbegu ya nyanya. Nilizunguka maduka yote ya vipuri mjini, hakuna ya namba ile. Nikafanya tunachofanya sisi mafundi wa redio siku zote: ndogo ikikosekana, weka kubwa. Kwa redio haina shida, tena ni nzuri, inanyamazisha makelele na sauti inakuwa laini. Mteja anafurahi. Nimewawekea mamia ya watu kapasita kubwa, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Nikamwekea Mwalimu vilevile. Sikumficha kwa nia mbaya. Sikuona kama ni jambo la kumwambia.

Wiki iliyofuata hakungoja Ijumaa. Alikuja Jumanne, saa za darasa, amebeba samaki, mbuta mzima amefungwa kwenye gazeti. Mistari ya skopu ambayo siku zote ilikuwa na manyoya kama kichaka, sasa ilikuwa safi. Na mkia! Mkia ulikuwa umetokea wazi, unashuka polepole, na ukiulaza juu ya ule wa mbinguni huoni mwanya. Alikuwa na karatasi mbili, akaziinua juani pale nje ya kibanda changu, watu wanapita na mikokoteni.

"Ona, Fundi. Ona! Hii ni ya huko, hii ni ya Seme."

Kweli niliona mstari mmoja tu. Nikampa mkono, akanikumbatia, samaki katikati yetu. Haki ya Mungu, nilijisikia na mimi ni mtu.

Kwa kapasita ile alipima miaka sita. Mrija baada ya mrija, saa kumi baada ya saa kumi. Macho yalianza kufifia katikati ya miaka hiyo. Daktari wa macho alimwambia ni presha ndani ya jicho, na kwamba kilichopotea hakirudi, kazi ni kulinda kilichobaki. Mwalimu aliweka dawa, akasogea karibu zaidi na skopu. Chuo nacho kilikuwa kimemwongezea muda mara nyingi. Kikamwandikia kwamba huu sasa ndio mwisho: atetee kazi yake siku waliyoipanga, au jina lake litolewe kabisa.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo alikuja na Jicho. Soketi ya waya ilikuwa imelegea, na huko Bondo watahini walitaka kuona mrija ukimweka mbele yao. Alikuwa ameshashona suti. Alikuwa ameshawaalika walimu, mchungaji, hata yule mama wa poshomili.

"Kaza hiyo soketi," akaniambia. "Halafu uipime yote, Fundi. Nikiulizwa kama imepimwa, niseme ndio."

Akaenda kumtafutia mkewe viatu. Nikakaza soketi. Kisha, kwa kuwa ameniomba, nikaipima namna tunavyopima jicho lolote la televisheni: unachukua rimoti, unalielekezea, unabonyeza. Mwanga wa rimoti huuoni lakini upo, unawaka na kukatika papo hapo kama kisu. Hauna mkia wowote. Niliunganisha Jicho kwenye kiskopu changu kidogo cha Kichina, nikabonyeza.

Ukapanda ghafla. Ukashuka polepole, polepole, na mkia mrefu.

Nilibonyeza tena. Nikabadilisha rimoti. Nikatoa kiberiti cha gesi, kile cha cheche, nikapiga cheche mbele ya Jicho. Mkia ule ule. Nilijua kabla sijataka kujua. Kapasita ni kama ndoo iliyotoboka: inajaa mara moja, inavuja taratibu. Ile niliyoiweka mimi ilikuwa inavuja vile vile kila mara, hata ungelimulikia Jicho mwanga gani. Miaka sita Mwalimu hakuwa akipima mrija. Alikuwa akipima kapasita yangu, na kwa bahati mbaya kubwa sana ilifanana na kifo cha nyota.

Alirudi na viatu kwenye mfuko wa karatasi. Viatu vya kahawia, vyenye kifungo. Alinionyesha kwanza viatu, kisha akauliza, "Imepona?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa, hilo moja. Niliona haya, maana wateja watatu walikuwa pale na mimi ndiye fundi anayetumwa kazi na chuo kikuu, hivyo ndivyo nilivyojigamba sokoni kote. Na nilimhurumia, viatu vile vilinikata maini. Nikajiambia wale watahini ni watu wa makaratasi, nani atamulika Jicho kwa rimoti? Atapata udaktari wake, atafurahi, atapumzisha macho, na hakuna nyota itakayolalamika.

"Iko sawa, Mwalimu," nikasema.

"Umeipima?"

"Nimeipima."

Akalifunga kwa taulo.

Siku ya Bondo nilikwenda. Niliketi safu ya nyuma kabisa, nimevaa koti la kuazima, karibu na mama wa poshomili. Mwalimu alizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Hata mimi, ninayejua ninachokijua, nilisahau kwa dakika kadhaa. Mrija ulimweka, mkia ukatokea kwenye ukuta mkubwa, watu wakapiga makofi. Kisha mtahini mmoja, mwanamke kijana, sauti yake ya heshima kabisa, akauliza kitu kimoja. Alitaka kujua Jicho lenyewe, bila mrija, likimulikwa na mwanga mfupi linaonyesha nini.

"Imepimwa," Mwalimu akasema.

"Na nani, Mwalimu?"

"Na fundi wangu. Yuko pale nyuma."

Ukumbi mzima uligeuka. Mwalimu naye aligeuka, anatabasamu, ananitafuta kwa yale macho yake mabovu. Yule mtahini akaniuliza nilipata nini. Pale, ningeweza kusema kweli. Wangesema utetezi usimame, wangempa siku. Sijui. Nilisimama, nikasema, "Iko sawa, madam," nikaketi.

Yule mtahini alishukuru. Akatoa kwenye mkoba wake kitaa kidogo cha kufundishia, kile cha nukta nyekundu, akaomba ruhusa, akakiwasha na kukizima mara moja mbele ya Jicho.

Mkia ulipanda ukutani, ule ule. Akarudia. Ule ule. Hakumdhihaki. Aliweka kitaa mezani akatazama chini, na wenzake wakaanza kukusanya makaratasi. Mwalimu alibaki ameushika mrija kwa mikono miwili. Mama wa poshomili, asiyejua hata neno moja la yaliyosemwa, aliniuliza kwa kunong'ona, "Baba, mbona wamenyamaza? Stima imepotea?"

Hapo ndipo nilipotoka nje.

Jina lake walilitoa chuoni. Mwaka huo huo alistaafu, na kwangu hakuja tena; nilisikia alilifungua Jicho akaikuta kapasita yangu. Ningekuwa na amani kama angenilaani. Lakini kila mtu aliyetoka Seme aliniletea salamu, na salamu ilikuwa moja: "Mwalimu anasema Fundi asijilaumu. Hakujua." Miaka minne nililetewa maneno hayo, nikiwa na redio za watu mkononi, na kila mara niliitikia, "Asante, mwambie nimesikia." Alinisamehe kosa la ujinga. La uongo hakulijua.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilifunga kibanda nikaenda Seme.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa kile chumba cha barafu, bila koti. Nilishtuka kuona mabega yake yalivyo madogo. Aligeuza kichwa kwa hatua zangu, si kwa sura yangu. "Nani?" Nikasema ni Fundi. Aliinuka, akanitafuta mkono hewani mpaka akaupata, akaushika muda mrefu. Ndani, kuku walikuwa wametaga juu ya ile stendi ya Otonglo. Kwenye kioo cha dirisha, grafu mbili zilikuwa bado zimebandikwa, zimekuwa manjano.

"Nilirudisha ile ndogo," akaniambia, kama tumeachana jana. "Kapasita. Mwanafunzi wangu aliituma kutoka Nairobi. Nikafunga mwenyewe, kwa kupapasa. Nikapiga mrija."

"Ukaona nini, Mwalimu?"

"Nikaona skopu imewaka. Tu. Macho ilikuwa imeshaenda." Akacheka kidogo. "Nikamwita mama watoto aniambie. Akasema ni mstari. Nikauliza unashuka haraka ama polepole? Akasema, Baba, mimi naona mstari. Kwa hivyo sijui. Inaweza kuwa ni kweli na inaweza kuwa si kweli, na mimi sitajua."

Nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka tu, rimoti, kiberiti, viatu, yote. Nikiwa katikati poshomili ikanyamaza. Ilikuwa saa kumi. Yule mama bado anaizima kila siku; hakuna aliyepata moyo wa kumwambia aache, na Mwalimu hakuwahi kumwomba. Kimya kile kikanikuta nimefungua kinywa, nikalazimika kumalizia kwa sauti ambayo hata kuku walisikia.

Alikaa ameelekeza uso ziwani, kwenye magugu.

"Ulijua siku ile ya viatu," akasema.

"Ndiyo."

"Si Bondo. Siku ya viatu."

"Siku ya viatu, Mwalimu."

Alihesabu kwa kidole gumba, polepole, akigusa kidole baada ya kidole. Nilidhani anaomba.

"Wiki tatu," akasema. "Wakati ule hii jicho ya kushoto bado ilikuwa inaona. Kapasita ingetoka Nairobi kwa siku mbili. Wiki tatu ingenitosha, Fundi. Ningepima upya. Ningejua."

Nilisema nisamehe, nikasema tena, na hakunijibu ndiyo wala hapana. Mashine ikawashwa upya. Mkewe, aliyekuwa jikoni na hakusikia kitu, alitoka na maji ya kunawa, akanisalimia kwa furaha, akauliza mbona nilipotea hivyo, kisha akaweka ugali na samaki mzima, kichwa kimeelekezwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mgeni. Kwao mgeni haondoki bila kula. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilinawa.

Nilimega. Mwalimu hakula; alikuwa ameweka mikono magotini, ananisikiliza ninavyotafuna. Mkono wake ukainuka kidogo kuelekea sahani yangu, kama zamani, halafu ukarudi gotini.

"Kula polepole," akasema. "Iko na mifupa, na mimi siioni."